Mlango Wetu Uliochapwa Dar es Salaam

Ijumaa ile Lukumani aliniomba nipite karakanani kwake nikitoka shuleni, na mimi, mwalimu mzima wa darasa la tatu, nikawaachia watoto dakika kumi kabla ya kengele. Nilitembea haraka mpaka mtaa wa Gongoni hapa Tabora, jua la saa nane limesimama utosini, wala sikusikia joto. Mchana huohuo Mzee Shaban, fundi cherehani, mshenga wa Lukumani, alikuwa kwetu kupokea jibu la posa.

Jibu hilo tulilingoja miezi minne. Baba yangu, Humaidi bin Hilali, mfanyabiashara wa asali na nta, hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Waliosema ni ndugu. Shangazi Fakhria alisema kuwashinda wote, na hakupunguza sauti hata nilipokuwa chumba cha pili: "Kijana wa Mabruki? Bibi yake aliletwa mji huu kutoka Manyema, na kila mtu anajua aliletwaje. Leo aje kumwoa mjukuu wa Hilali?" Nilimjibu kwa kugonganisha masufuria. Mwisho alichoka, maana mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na siku ile yeye ndiye aliyeamka alfajiri kukaanga visheti vya wageni.

Baba alikuwa ametoa sharti moja tu. "Asipokuwa na jina la ukoo, awe na jina lake mwenyewe," alimwambia Mzee Shaban. "Kupaka rangi mabango si jina." Kwa hiyo tumaini letu lote lilikuwa ndani ya boksi lililotarajiwa kutoka Dar es Salaam.

Lukumani alichora mabango ya vinyozi, ya mabucha na ya duka la ushirika. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Kazi iliyomkondesha ni mchezo wa kete alioutunga mwenyewe, akauita Twende Pwani. Kila mchezaji anaongoza msafara kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, vituo sitini, anatupa dadu, anachota kadi za heri na kadi za balaa, ananunua chumvi Uvinza, anatafuta chakula Goweko. Tuliucheza wawili kwa siri, kete zetu zikiwa punje za mahindi kwangu na kauri kwake. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba mshindi asiwe mwenye kufika na pembe nyingi, awe mwenye kufika na wapagazi wake wote, hai. Aliniangalia siku ile mpaka nikasahau ilikuwa zamu ya nani.

Miaka miwili alihangaika na wachapishaji. Wa kwanza walimrudishia ubao wake una alama ya kikombe cha chai juu ya Mpwapwa. Wa pili walimwandikia mistari miwili, kwamba wao wanachapa vitabu na mchezo si kitabu. Wa tatu, Kampuni ya Kurunzi, walijibu kwa barua ndefu, na barua ilisainiwa na mhariri wao, Bi Apolinaria. Hapo ndipo taabu zilipoanza. Kadi ni nyingi mno, kadibodi nchini hakuna. Tutatia dadu moja, si mbili, rekebisha sheria zote. Maelezo marefu, yafupishe yaenee nyuma ya kifuniko. Lukumani alirekebisha, akatuma, akaambiwa arekebishe tena. Nami nikaanza kumwonea wivu mwanamke ambaye sijamtia machoni, kwa sababu yeye alikuwa akiandikiana na mpenzi wangu kurasa tatu tatu, na mimi nikiletewa salamu.

Nilipofika karakanani nilikuta pamefagiliwa. Hilo peke yake lingetosha kunitia shaka.

"Umekuja," alisema.

"Nirudi?"

Alicheka, lakini kicheko kifupi. Kucha zake zilikuwa na rangi ya buluu kama kawaida. Macho yake, yaliyonifanya nikatae wachumba wawili wenye maduka, yalikuwa yakiangalia kila kitu isipokuwa mimi. Juu ya meza palikuwa na boksi jekundu, kubwa kama sinia la pilau, limefungwa kwa uzi wa katani.

"Limefika!"

"Yamefika mawili. Jana, kwa treni."

"La pili liko wapi?"

"Mzee Shaban kaenda nalo kwenu, wametoka na baba yako msikitini. Mkono mtupu haulambwi. Sikukata hata uzi. Nilitaka mikono ya baba yako iwe ya kwanza kulifungua."

Nilitaka kumkumbatia, nikakumbuka mlango uko wazi na Gongoni ina macho. Nikamshika ncha ya shati tu, nikaivuta kidogo.

"Lukumani, umekuwa mtu mwenye jina. Fungua basi."

"Fungua wewe."

Nilikata uzi kwa meno. Wino ulinukia vizuri, mpya. Juu ya kifuniko waliandika kwa herufi kubwa TWENDE PWANI, na chini yake, Umetungwa na Lukumani Mabruki wa Tabora. Nililisoma jina lake kwa sauti mara mbili. Kisha nikaukunjua ubao mezani, nikaifuata njia kwa kidole kuanzia Ujiji, nikavuka Malagarasi, mpaka nikafika kituo cha Tabora.

Pale palikuwa na mlango wetu. Ulikuwa mlango wetu hasa wa nyumbani, aliouchora siku aliyokuwa akipaka rangi duka la jirani akajifanya amepumzika: mbao mbili nzito, maua ya kuchonga, safu tano za misumari ya shaba, na katika safu ya pili nafasi moja haina msumari, kama ilivyokuwa tangu nizaliwe. Hakuna mtu wa Tabora asiyeujua. Kwenye ubao aliouchora kwa mkono, chini ya mlango ule paliandikwa maneno niliyoyatunga mimi: Umefika Tabora. Pumzika, unywe maji, tupa tena.

Sasa pembeni ya mlango mtu wa Kurunzi alikuwa ameongeza mwanamume mwenye kilemba, mkononi ana kiboko. Na chini palisomeka: Nyumba ya muuza watu. Wapagazi wako wawili wamefungwa na kuuzwa. Rudi Uvinza.

"Hii nini, Lukumani?"

Alikuwa akikunja kile kipande cha uzi nilichokikata.

"Wamekosea," nikasema. "Huyo Apolinaria wako amekosea. Nenda posta sasa hivi upige simu, wazuie."

"Zimeshachapwa nakala elfu mbili."

"Umejuaje?"

Aliendelea kukunja uzi. Nikamtazama mpaka akainua uso, na nilichokiona usoni mwake hakikuwa mshangao.

"Ulijua," nikasema.

"Maneno niliyajua. Picha sikujua." Aliuweka uzi mezani. "Aliniandikia mwezi wa tatu. Alisema mchezo wa njia ya misafara usiotaja utumwa ni wa uongo, hauwezi kupelekwa kwa watoto wa shule. Nibadilishe kituo cha Tabora, la sivyo watanirudishia ubao wangu. Nikasaini, Tufaha. Nilidhani watachora nyumba nyingine, nyumba yoyote. Nimewaandikia mara mbili wautoe mlango wenu. Hawakunijibu."

"Mwezi wa tatu."

"Ndiyo."

"Sasa ni mwezi wa nane. Tangu mwezi wa tatu nimefika Tabora mara ngapi hapa mezani kwako, nikakuambia nimepumzika, nipe nitupe tena, nawe ukanipa dadu?"

"Tufaha, nisikilize."

"Nakusikiliza tangu mwezi wa tatu!"

Alipiga meza kwa kiganja, kauri zikamwagika chini. Sikuwahi kumwona hivyo. "Na uongo uko wapi?" alisema. "Nionyeshe uongo katika maneno hayo. Bibi yangu aliingia mji huu ana miaka tisa, kamba shingoni. Aliuzwa katika nyumba yenye mlango. Mlango upi, sijui. Sikuuliza."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Kwa sababu nakupenda. Ningejibiwa, ningefanyaje?"

Nilikaa juu ya debe la rangi. Nitasema ukweli, ingawa haunipendezi: sikuwahi kumpenda Lukumani kama nilivyompenda dakika ile, amesimama mbele yangu anatweta, macho yamejaa machozi asiyotaka yashuke. Nilimwonea huruma yeye, nikamwonea huruma yule mtoto wa miaka tisa, nikaionea aibu nyumba niliyozaliwa. Laiti angenyamaza pale. Ningeondoka nikampigia baba magoti mwenyewe, nikamwambia, haya ndiyo maneno, na huyu ndiye mume ninayemtaka.

Lakini hakunyamaza.

"Baba yako hasomi herufi hizi," alisema, sauti imeshuka. "Anasoma za Kiarabu tu."

"Najua anachosoma baba yangu."

"Ataona mlango wake, atafurahi. Mzee Shaban nimeshasema naye, atajidai amesahau miwani. Kwa hiyo baba yako atakuita wewe. Wewe ndiye unayemsomea kila kitu."

"Ehe?"

"Basi msomee yale ya zamani. Yale yako. Umefika Tabora, pumzika."

Nje mtu alipita akisukuma baiskeli, akamsalimu Lukumani, naye akaitika bila kugeuka. Mimi nilikuwa nikiliangalia lile boksi.

"Kumbe ndiyo maana hukukata uzi, asiyasome mtu mwingine kabla yangu," nikasema. "Nami nikadhani ni heshima."

"Ni heshima pia." Angalau hapo alikuwa mkweli. "Tuoane kwanza, Tufaha. Nitakuja kumweleza."

"Lini?"

"Nitamweleza."

"Utamweleza lini, Lukumani? Boksi hili litauzwa madukani. Kila mtoto atakayepita mlangoni kwetu atacheka. Kila mgeni atakayekuja na barua itabidi niwahi mimi kuisoma. Umeniomba nimdanganye baba yangu mpaka siku nitakayomzika."

"Nimekuomba uwe mke wangu!"

"Hayo mawili umeyafunga kwa uzi mmoja."

Labda mtu wa mbali hawezi kuelewa kwa nini lile liliniuma kuliko kilemba na kiboko. Baba yangu alihitimu msahafu akiwa mdogo, na hesabu zake zote huandika kwa herufi za Kiarabu, kulia kwenda kushoto. Madarasa ya watu wazima yalipokuja alikataa kukaa benchi moja na wachuuzi wake. Hivyo tangu nilipokuwa darasa la nne, kila kilichoandikwa kwa herufi za shule kimepita mdomoni mwangu kumfikia yeye. Nilikuwa na miaka kumi na miwili ilipokuja simu ya maandishi kutoka hospitali ya Mwanza. Shangazi Fakhria aliipokea, akanivuta jikoni, akaniambia nimsomee baba kwamba mama amezidiwa, mengine atayajua polepole. Nilikwenda mbele ya baba nikasoma kama ilivyoandikwa: amefariki. Aliichukua ile karatasi, akaikunja, kisha akasema, "Ahsante kwa kunisomea sawasawa." Tangu hapo hajawahi kuniuliza mara mbili kama ndivyo ilivyoandikwa.

Lukumani aliijua habari hiyo. Nilimsimulia mwenyewe, siku niliyomwamini.

Nilisimama nikajifunga mtandio. Alinishika mkono, si kwa nguvu, na nikauacha mkono wangu kwake kidogo, kwa kuwa sikujua kama nitashikwa tena.

"Usiende umekasirika," alisema. "Mimi nitakuja nisimame pale kona ya kwenu, kwa fundi bati. Tufaha, ni maneno machache tu."

"Ndiyo," nikasema. "Ni machache."

Nyumbani nilipitia uani. Shangazi Fakhria na majirani watatu walikuwa wamekaa kwenye mkeka, kanga mpya, visheti vimefunikwa kawa. Shangazi alinikonyeza. Kabla sijavua viatu, baba aliita kutoka chumba cha mbele, na sauti yake ilikuwa na uchangamfu ambao sikuusikia tangu mama alipokuwa hai.

"Tufaha! Njoo uone! Njoo upesi!"

Niliwasalimu. Mzee Shaban aliitikia "Marahaba, mwanangu" huku akitazama dari. Baba alikuwa amepiga magoti kwenye busati kama mtoto, ubao wa mchezo umekunjuliwa mbele yake, kidole chake kiko juu ya Tabora.

"Mlango wetu umechapwa Dar es Salaam," alisema. "Tazama. Nimehesabu misumari, yote ipo. Na ule mmoja uliong'oka wakati wa baba, ameuacha wazi! Kijana ana jicho huyu. Na huyu hapa mwenye kilemba, bila shaka ni babu yangu, baba yake Hilali. Kiboko ni cha ng'ombe, alikuwa na ng'ombe wengi." Alinigeukia, anacheka. "Shangazi yako anasema hana ukoo. Mtu aliyeiweka nyumba yangu kwenye ramani ya njia nzima, nimtake ukoo wa nini? Shaban miwani yake kaisahau. Nisomee walichotuandikia."

Mzee Shaban alikohoa. Alinitazama, na machoni mwake niliona kwamba naye alikuwa anaomba.

Nilichuchumaa karibu na baba. Nilizisikia zile sentensi za zamani zimekaa tayari kwenye ulimi, nilizitunga mwenyewe, zingetoka bila kukwama. Baba aliinamisha kichwa kidogo upande wangu, kama anavyofanya siku zote ninapomsomea, asipoteze neno.

"Nyumba ya muuza watu," nikasoma. "Wapagazi wako wawili wamefungwa na kuuzwa. Rudi Uvinza."

Kidole chake hakikuondoka pale kilipokuwa.

"Rudia."

Nikarudia.

"Bwana Humaidi," Mzee Shaban alianza, "hawa watu wa kampuni, unajua mambo ya Dar es Salaam..."

"Ni kweli," baba alisema.

Hapo ndipo alipoinua kidole.

"Chumba cha nyuma tunachowekea madebe ya asali," alisema, "kina pete za chuma ukutani. Nilimwambia mama yako ni za kufungia punda. Nilijua punda hawafungwi chumbani." Alijifuta uso kwa kiganja. "Maneno haya ni kweli, na bibi yake huyu kijana huenda alilala chumba kile. Angekuja akaniambia usoni, ningeinamisha kichwa. Na binti ningempa, kwa mikono yangu miwili."

Moyo wangu uliruka. Mzee Shaban naye alivuta pumzi. Lakini baba alikuwa hajamaliza. Alinigeukia mimi, si mshenga.

"Kijana aliyajua maneno haya kabla ya kulituma boksi?"

Neno moja, hakujua, na ningekuwa mke wa Lukumani kabla ya mfungo. Si neno kubwa. Nimewasikia watu wema wakisema makubwa zaidi kwa sababu ndogo zaidi.

"Aliyajua, baba."

"Na kwamba mimi sisomi?"

"Alijua."

"Na alikutaka unisomee nini?"

Hapo machozi yalinishinda. Hakuniuliza tena. Alianza kuukunja ubao taratibu, akikosea mikunjo, akarudia mpaka ukakaa vizuri, akauweka ndani ya boksi, akalisukuma boksi mbele ya Mzee Shaban.

"Nimempa babu yangu lawama yake," alisema. "Kijana naye achukue yake. Hapa pana binti anayenisomea sawasawa. Siwezi kumkabidhi kwa mtu aliyetaka kumfundisha vingine. Shaban, nimemaliza. Mpelekee jibu lake."

"Nimesikia, Bwana Humaidi," alisema Mzee Shaban, akainuka kwa shida, magoti yakilia.

Nyuma ya pazia la uani shangazi Fakhria alikuwa ametega sikio tangu mwanzo, na masikio yake yalikuwa ya uzee. Alichokisikia ni kwamba kuna jibu na linapelekwa. Katika ukoo wetu jibu la hapana halipelekwi na mtu, huachwa likafa lenyewe. Kwa hiyo shangazi, aliyempinga Lukumani kuliko wote, alitupa kichwa nyuma akapiga kigelegele. Majirani watatu wakadakia. Nyumba ya pili wakaitikia, na ya tatu, mpaka mtaa mzima ukawa unalia kwa furaha.

"Wanyamazishe!" baba aliniambia, lakini sikwenda popote. Nilikuwa nimesikia viatu vinakuja mbio kutoka kona ya kwa fundi bati.

"Hodi!" aliita Lukumani mlangoni, anahema na kucheka kwa pamoja.

Baba alitazama chini. Mzee Shaban alilikumbatia boksi kifuani. Uani walikuwa bado wanapiga vigelegele.

"Hodi wenyewe," aliita tena, na sauti ilikuwa bado ina furaha, ila ilisitasita mwishoni.

Nilisogea mpaka mlangoni, nikaweka kiganja juu ya mbao. Yeye alikuwa upande wa pili, nilimsikia akipumua. Kwetu mtu hupiga hodi mara tatu, na asiyeitikiwa "karibu" hurudi alikotoka, bila kuuliza na bila kukasirika.

Kisha akaipiga ya tatu polepole, akilitaja jina langu.

"Hodi, Tufaha."

Sikumwitikia.